Moteri ya Gari la Sadaka

Tulipomzika Mama Ngoie, watu wa shirika letu la zamani tulikaa uani kwake siku za matanga, na wengi tulikuwa hatujaonana tangu ujana. Ilunga alitoka Kolwezi, amenenepa, amevaa saa kubwa. Wanawake walikuwa wamechoka kulia na wanaume walikuwa wamechoka kunyamaza, na katika uchovu ule Ilunga akasema, bila kumtazama mtu, "Na ile gari ya sadaka, muko naikumbuka?" Ua mzima ukacheka. Walicheka hata mabinti wa marehemu, macho yao bado mekundu, kisha wote kwa pamoja wakageuka kunitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu. Sasa nina kibanda changu cha kutengeneza redio na simu karibu na soko, nina mke, watu hunisalimia vizuri barabarani, lakini masikio yangu yaliwaka kama siku yenyewe. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nataka kuandika habari za mwaka ule. Alishangaa, maana hata ujumbe mfupi wa simu hunichukua muda mrefu. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu haujajifunza kukimbia. Basi nitaandika polepole.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa kupita nyuma ya nyumba. Nikitumwa dukani, nilisimama nje mpaka wateja waishe. Watu wawili wakinisalimia pamoja, nilimjibu mmoja na kumwacha mwingine, si kwa kiburi, ila sauti yangu ilikuwa inaishia kwa yule wa kwanza. Nilikaa kwa mama mdogo katika kambi ya reli, kwenye chumba kilichotengwa na sebule kwa pazia tu. Nililipenda pazia lile kuliko kitu chochote cha nyumba ile. Lilikuwa la maua ya kijani, limefifia upande wa dirisha, na nyuma yake niliweza kusikia maneno yote ya dunia bila dunia kuniomba neno hata moja. Mezani kwangu palikuwa na koleo, kisu, pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na magari niliyotengeneza kwa waya na mabati ya makopo ya mafuta. Watu wakubwa walisema, "Banza bado anacheza." Watoto ndio walionielewa, na hao pia niliwaonea haya.

Kwa asiyejua desturi yetu, parokia imegawanyika katika mashirika, yaani nyumba za majirani zinazosali pamoja kila Jumatano, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwa zamu, hata kama nyumba yako ina kiti kimoja. Shirika letu lilikuwa dogo, la wajane na watu wa reli waliosahauliwa na kazi yao. Karanga mpya zinapotoka mashambani, kila shirika hupeleka malimbuko yake mbele ya altare kwa kucheza, ngoma zikipigwa, na padri alisema kila mwaka kwamba Mungu hapimi. Watu walipima. Shirika la upande wa soko lilileta magunia, mbuzi, mikungu ya ndizi, na wanawake waliovaa kitambaa cha aina moja. Sisi tulileta beseni la karanga juu ya kichwa cha Mama Ngoie. Kwa hiyo tulipewa jina.

Siku moja Mama Ngoie, aliyekuwa mkubwa wa shirika letu, aliniita kwake kula. Jiko lake lilikuwa jeusi kwa moshi mpaka darini, na katika weusi ule sahani zake za bati ziling'aa. Alikuwa amepika bukari, yaani ugali, na sombe la majani ya muhogo, na samaki wakavu wa ziwa Kisale ambao dada yake alimletea. Ilunga alikuwepo tayari, anakula kama mtu anayekimbizwa. Mimi nilichukua matonge madogo na kuyafunika kwa vidole. "Kula, mwanangu," Mama Ngoie akasema. "Bukari haina macho." Nikala. Akaningoja nimeze, kisha akasema, "Mwaka huu minyi sibebe karanga juu ya kichwa. Banatuchekaka. Unasikia namuna banatuita? Shirika ya beseni moja."

"Lakini iko moja kweli, mama," Ilunga akasema.

"Nyamaza weye. Iko moja, lakini itaenda yenyewe." Akanigeukia. "Banza, ile gari yako ya telekomande inaweza beba beseni mpaka kwa altare, muntu hapana kushika?"

Nikasema ndiyo. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri kwanza. Nilisema ndiyo kwa sababu ndiyo ni neno fupi, na hapana ingedai maelezo. Mama Ngoie akapiga makofi, akaniongezea samaki, na Ilunga akauliza kama gari litajua pia kupiga magoti. Ninapoikumbuka furaha ya uso wa Mama Ngoie mle jikoni, ndipo aibu inapoanza kwangu, mapema kuliko watu wanavyodhani. Alikuwa mwanamke mwenye miguu iliyovimba, aliyebeba beseni lile kila mwaka mbele ya macho ya mji mzima, akicheza kana kwamba hasikii. Kumbe alikuwa anasikia.

Gari lenyewe, la kuongozwa kwa mbali, nilikuwa nalo. Chini lilikuwa chasi, yaani fremu yenye magurudumu, ya gari la kuchezea la mtoto wa tajiri fulani, iliyouzwa sokoni ikiwa imevunjika, na juu lilikuwa bati langu mwenyewe, lililokunjwa vizuri, lenye milango inayofunguka. Lakini moteri yake ilikuwa ya zamani, ile yenye makaa mawili madogo ndani yanayosugua shaba ili kupitisha umeme. Vumbi la mji wetu wa Kamina liliingia humo, makaa yakaisha, na kila nilipolikimbiza lilitoa cheche na harufu ya nywele zilizoungua, kisha likasimama kupumua. Halikuweza kubeba hata kiatu. Nilikuwa nimeona katika simu ya Ilunga picha za magari yenye moteri zisizo na makaa. Ndani hamna kinachosugua. Zina nyaya tatu nene, na kisanduku kidogo kinachozigawia umeme kwa zamu, na sumaku inafuata zamu hiyo ikizunguka. Nilizitazama picha zile kama wenzangu walivyotazama wasichana. Nilimwambia Mama Ngoie kwamba bila moteri ya namna ile hatutafika, na shirika likachanga. Walichanga watu ambao jioni walikula mboga bila mafuta. Hilo nalo nililijua.

Mtu wa kumwendea alikuwa Papa Amisi, mwenye duka karibu na stesheni. Ni Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema na biashara, na dukani kwake palikuwa na harufu ya sabuni na mikeka mipya. Aliuza kufuli, taa, sahani za umeme wa jua, betri. Mpwa wake wa Lubumbashi aliuza vipuri vya vitu vidogo vinavyoruka na vinavyokimbia. Papa Amisi alimwomba atume moteri mbili kwa basi, nichague moja, nyingine irudi. Zilipofika alimtuma mtoto wa jirani kuniita, nami nikaenda mchana wa jua kali, nikidhani duka litakuwa tupu. Lilikuwa limejaa. Palikuwa na wanawake watatu waliotafuta taa, mmoja wao ninamjua, wa shirika la soko. Palikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli aliyeketi kwenye kreti akingoja redio yake ijae umeme. Nikataka kurudi, lakini Papa Amisi alikuwa ameniona. "Karibu, mwanangu! Mizigo yako hii hapa." Akazitandaza juu ya gazeti, katikati ya meza ya kioo, mbele ya watu wote.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, rangi ya majivu. Namba iliyoandikwa ubavuni mwake ilikuwa ndogo. Mbali na nyaya tatu nene ilikuwa na tundu pembeni, kama mdomo mdogo, na kamba ya nyaya nyembamba za kuchomeka humo. Ya pili ilikuwa fupi, nyekundu, nyepesi mkononi, na namba yake kubwa. Haikuwa na mdomo wala nyaya nyembamba. Namba niliielewa, maana nilikuwa nimewasikia wale watu wa picha wakieleza kwamba kubwa ni ya mbio na ndogo ni ya nguvu ya kuvuta. Ule mdomo mdogo sikuuelewa. Nilijua tu kwamba kitu kilichowekwa kwa uangalifu namna ile hakikuwekwa bure. Nikaugusa kwa kidole. Swali lilikuwa limekwisha kukaa ulimini.

Mzee wa reli akainuka, akaichukua ile nyekundu mkononi mwangu, akaisogeza mbali na macho yake ili asome. "Elfu tatu na mia tisa, KV!" akapaza sauti. "Aba! Minyi nimefanya kazi ya waya za treni mpaka meno imetoka. Ile ya juu ya reli iko ishirini na tano tu, na inaua muntu. Hii mutoto anataka kuchoma Kamina yote?"

Duka likacheka. Mwanamke mmoja akasogeza mtoto wake nyuma ya sketi yake, kwa utani. KV ya moteri zile ni habari ya mizunguko tu, si kilovolti za umeme wa kuua mtu, na mimi nilijua hivyo, na ningeweza kueleza kwa sentensi moja. Nikacheka pamoja nao. Nilicheka mpaka Papa Amisi, ambaye hakuwa anacheka, akasema, "Mimi ninauza, sijui. Ngoja tumpigie mwenyewe." Akampigia mpwa wake na kuiweka simu mezani, sauti imefunguliwa, ili kila mtu asikie.

"Allô? Ni yeye fundi?" sauti ya Lubumbashi ikauliza. "Kaka, niambie, gari iko nabeba kintu ama ni ya mbio?"

Wote wakageuka kunitazama. Kusema kwamba itabeba karanga za malimbuko, mbele ya mwanamke wa shirika la soko, ilikuwa kutoa siri ya Mama Ngoie. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa baadaye, na ni nzuri. Lakini si ya kweli. Kweli ni kwamba nilimwona mzee wa reli akikaza tabasamu lake, tayari kwa utani wa pili, na nikaona kwamba mwanamume wa umri wangu akitamka maneno "gari la kuchezea litabeba karanga", hatatoka mlangoni mle akiwa mzima.

"Ya mbio," nikasema.

"Haibebe kintu hata kidogo?"

"Hapana."

"Bon, kamata ile fupi. Inatosha."

Papa Amisi akazima simu. Alikuwa na namna ya kumtazama mteja kwa upole, kichwa kimelala upande. "Hauna swali ingine?" Nikasema, "Hapana, papa. Aksanti." Akaifunga ile nyekundu katika gazeti. Nilichagua moteri ambayo haikunidai swali. Tangu wakati huo nimewaona watu wengi kwenye kibanda changu wakichagua vitu vyao vivyo hivyo, simu, dawa, hata wachumba, na kila mara nataka kuwaambia, lakini naona haya.

Nililijaribu gari chumbani. Fundi mwingine yeyote angelijaribu barabarani, kwenye mchanga, na beseni lililojaa mchanga juu, watoto wamezunguka wakipiga kelele. Mimi nililijaribu kati ya kitanda na pazia, kwenye sakafu laini ya simenti, tupu, na moteri ile ikaimba wembamba mpaka mama mdogo akauliza kama nimefuga mbu. Lilikuwa na mbio za ajabu. Nililisimamisha kwa mguu kila mara kabla halijaingia sebuleni. Mara moja tu nililiwekea tofali juu yake. Halikuondoka. Lilitetemeka tu mahali pake, huku na huku, kama mtu mwenye malaria. Nikalisukuma kidogo kwa kidole cha mguu, likaenda. Nikajiambia kwamba linahitaji kusukumwa kidogo tu mwanzoni, na kwamba hilo si neno. Baadaye sana nilijifunza kazi ya zile nyaya nyembamba. Zinakiambia kisanduku mahali sumaku ilipo kabla haijaanza kuzunguka. Moteri isiyo nazo inabahatisha, na ikiwa na mzigo mgongoni inabahatisha vibaya.

Siku ya malimbuko kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Ngoie alivaa kitambaa cheupe alichokitunza tangu arusi ya binti yake, na juu ya karanga Ilunga aliweka kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kwa sababu, alisema, dereva lazima awe na abiria. Shirika la soko lilipita kwanza na mbuzi wao na magunia yao. Kisha gari letu likawekwa mlangoni, mwanzo wa njia ya kati, na kwanza watu hawakuelewa. Walipoelewa, vigelegele vilipanda. Nilimwona mama mdogo amesimama kwenye benchi. Nilimwona yule mwanamke wa dukani amefungua kinywa. Mama Ngoie akatangulia, mikono imenyanyuliwa, akicheza na miguu yake mibovu kuelekea altare, mgongo wake umenyooka kama wa msichana. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, pembeni, na telekomande ndani ya koti.

Nikabonyeza polepole. Gari likatetemeka. Karanga zikaanza kugongana ndani ya beseni, kuku akainua shingo na kutazama kulia na kushoto. Nikaachia, nikabonyeza tena. Likatetemeka zaidi. Katika ukimya kati ya ngoma mbili mtoto mmoja akasema kwa sauti safi, "Mama, gari iko na homa!" Benchi za nyuma zikacheka, kisha za kati. Mama Ngoie aliendelea kucheza mbele, hajui kwamba nyuma yake hapana kitu. Nilijua dawa yake. Ilikuwa hatua chache kutoka nguzoni na kidole cha mguu. Kanisa zima lilikuwa linatazama mahali pale pale ambapo ningepaswa kusimama. Sikutoka. Nikabonyeza mpaka mwisho.

Likaruka. Beseni liliinuka kama limetupwa na mtu mwenye hasira, karanga zikamwagika chini ya mabenchi mpaka miguuni pa waimbaji, gari likapinduka na magurudumu yakaendelea kuimba hewani. Kamba ya kuku ikafunguka. Akapita juu ya vichwa vya watu, akipiga mabawa na kelele, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena popote. Waimbaji walipoteza wimbo wao. Mama Ngoie akageuka. Hakulitazama gari, wala karanga. Macho yake yalitafuta nguzo kwa nguzo mpaka yakanipata. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiita. Nami nikakimbia, kwa mlango ule ule wa pembeni, nikavuka barabara, nikapita kati ya baiskeli na pikipiki za abiria, sikusimama mpaka nyuma ya stesheni kwenye mabehewa yaliyoota majani. Huko ndiko nilikoona kwamba bado nimeshika telekomande, na kwamba kidole changu bado kinabonyeza.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza yaliyobaki, wakati anafunua sahani ya bukari aliyonitunzia. Mama Ngoie alipiga magoti katikati ya njia, akaanza kuokota karanga na kuzitia katika kile kitambaa cheupe, huku mabega yake yakicheza ngoma. Wanawake wetu wakaja kupiga magoti naye. Wakazifikisha mbele. Watu hawakuacha kucheka, na mtu wa shirika la soko alisema, mlangoni, baada ya misa, kwamba mwaka huu hata beseni moja halikufika. Mama mdogo alisimulia yote haya akitazama sahani. Mwishoni akasema tu, "Alikutafuta sana. Alisimama pale na magoti ya vumbi, anauliza, Banza iko wapi? Banza iko wapi?" Sikula.

Siku zilizofuata nilitoka alfajiri na kurudi watu wakiwa mezani. Barabarani kwetu watoto walibuni mchezo. Mmoja alisimama akitetemeka mwili mzima, wenzake wakamsukuma, akaruka na kuanguka, wote wakalia kama kuku. Waliponiona walinyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sikwenda kwa Mama Ngoie. Nilitunga maneno ya kumwambia, nikayatunga tena, na kila nilipofika kwenye kona yake nilikuta yamebaki nyuma. Gari nililetewa na Ilunga, limepinda mlango. Nikalisukuma chini ya kitanda.

Kisha zamu ya sala ikafika nyumbani kwetu. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa kitandani mchana wa Jumatano, mvua imeanza kwa nguvu juu ya mabati, niliposikia mlango wa sebule na sauti za wanawake wakikung'uta vitambaa. Walikuwa wasali uani, mvua ikawaingiza wote ndani, benchi kwa benchi mpaka karibu na pazia langu. Niliona vidole vya miguu ya Ilunga chini ya maua ya kijani. Nikavuta miguu yangu kitandani na kupumua kwa kinywa. Wakaimba, wakasali. Mama mdogo akagawa munkoyo, togwa letu la mahindi, nikasikia vikombe vikizunguka. Na kama kawaida, kati ya sala na somo, maneno ya mji yakaingia.

"Minyi nasema," Ilunga akaanza, "mwaka kesho tununue punda. Punda haina telekomande." Wakacheka. "Hapana, kweli! Banza alikimbia, aba! Hata treni ya zamani haikukimbiaka vile."

"Alikimbia kwenda wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Ngoie.

"Nani anajua? Juu ya haya."

"Haya ya nini? Mutoto alikimbilia kuku." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Kuku ya sadaka imetoka inje. Weye ulikaa unacheka, na benye nguvu bote mulikaa munacheka. Moja tu njo alienda kuifuata. Kuku ya Mungu itabaki barabarani?"

Mwanamke huyu alitukataza hata kusema kwenye simu "niko karibu kufika" wakati bado hatujavaa viatu. Aliita hiyo dhambi yenye miguu mifupi. Nilikuwa nimelala chali nyuma ya pazia na nikamsikia akidanganya mbele ya msalaba wa shirika, mchana kweupe, kwa ajili yangu, na nikatamani angenipiga.

"Sawa, mama," Ilunga akasema polepole, na nilijua kwamba anatabasamu. "Na sasa kuku iko wapi?"

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama Ngoie akikosa jibu. Kikombe kiliwekwa chini. Mtu akakohoa. Nikawaza, kwa mara ya pili nimemwacha katikati ya njia, amepiga magoti, na hapana kitu nyuma yake.

Dirisha la chumba changu lilikuwa dogo. Nilitokea humo bega moja, kisha la pili, nikaangukia matopeni. Chini ya paa la jiko kuku wa mama mdogo walikuwa wamejikunja kwa sababu ya mvua. Wa karibu alikuwa mweusi, mweusi kama sufuria. Wengine walikimbilia nyuma ya kuni, huyu alikuwa mzee, hakukimbia. Nikamkamata mabawa, nikazunguka nyumba, na nilipofika mbele ya mlango nikatambua kwamba sijui nitasema nini. Nikausukuma kwa goti kabla sijapata nafasi ya kujua.

Wote walikuwepo. Nilisimama kizingitini, maji yananitiririka, tope mpaka magotini, kuku mikononi, na kila jicho la shirika likawa juu yangu. Walimtazama kuku. Kanisa zima lilikuwa limemwona yule mweupe. Mama mdogo alifungua kinywa, akamtambua kuku wake, akakifunga. Mama Ngoie ndiye aliyesema wa kwanza.

"Njo ile kuku?"

"Njo yenyewe, mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya moteri.

"Lakini ile ilikuwa nyeupe!" Ilunga akalia.

Mama Ngoie akamtazama kuku kwa makini, juu mpaka chini. "Juma nzima inje," akasema, "kwa hii matope ya kambi yetu. Weye ungebakia nyeupe?"

Kicheko kilipasuka, na mama mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, ingawa kuku alikuwa wake. Walinicheka mimi. Nawaambia wanaofikiri kwamba watu wakikucheka kwa upendo huumii: unaumia. Nilitaka dirisha langu. Lakini Mama Ngoie alikuwa amesogea kwenye benchi, amepiga ubao kwa kiganja pale pembeni yake, katikati ya wote, si mwishoni karibu na pazia. Nikakaa. Koti langu lililowesha kitambaa chake, hakusogea. Kuku alitulia mapajani pangu.

"Tuendelee na sala," akasema. Akachukua kitabu cha masomo, akatafuta ukurasa, akakiweka juu ya mgongo wa kuku, mbele yangu. "Soma weye."

Alijua jinsi ninavyosoma. Wote walijua. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikalisema, nikaenda kwa la pili. Maneno marefu niliyakata vipande, na mahali pamoja nilirudi nyuma mara nyingi mpaka Ilunga, kwa kunihurumia, akaninong'oneza, na Mama Ngoie akamzuia kwa mkono. Uso wangu ulikuwa unachoma. Mvua ilizidi juu ya mabati, na wale wa nyuma wakaanza kuinama mbele, viganja nyuma ya masikio.

"Pandisha sauti, mwanangu," Mama Ngoie akasema. "Mvua iko nasema kuliko weye."

Nikapandisha.